Usikiguse, Kinafanya Kazi

Usiku mmoja wa Februari 2024, saa tano na robo, nikiwa kitandani bwenini Dar es Salaam na kompyuta mapajani, niliikatia mtandao shule nzima iliyoko milimani Lushoto. Sikukusudia. Nilikusudia kinyume chake kabisa: nilitaka kuilinda.

Nianze mwanzo. Mwaka 2021, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, nilikwenda fildi kwenye shule moja ya sekondari huko. Nilikuta ruta ya msaada juu ya kabati la ofisi ya walimu. Programu dhibiti yake ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, na hakuna aliyewahi kuigusa. Nikaifuta, nikaweka OpenWrt, programu dhibiti huria inayojengwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Nikaiunganisha na modemu ya 4G, na pembeni nikaweka bodi ndogo ya Raspberry Pi yenye Kiwix, ili wanafunzi wasome Wikipedia hata siku ambazo hakuna bando. Kabla sijaondoka nikatengeneza njia iliyofichwa kwa usimbaji kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva ndogo ninayoikodi, ili niweze kuingia nikiwa mbali. Mwalimu wa TEHAMA, ambaye shule nzima inamwita Madam, alinipa mfuko wa peasi nikarudi nao Dar.

Kwa karibu miaka 3 kila kitu kilikwenda sawa. Nilikuwa nikimpigia simu mara mojamoja.

"Shikamoo Madam. Mtandao unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Kidude chako kipo, kinapepesa taa zake. Usikiguse, kinafanya kazi."

Nilicheka kila aliposema hivyo. Leo najua alikuwa ametoa hoja, na kwamba hoja ile ilistahili jibu.

*

Ndani ya ruta, kama ilivyo ndani ya simu na televisheni nyingi za siku hizi, kuna keneli. Ni kiini cha mfumo endeshi: sehemu inayozungumza na vyuma vyenyewe, inayogawa memori, inayoamua programu ipi itumie prosesa na kwa muda gani. Mtumiaji haioni. Akiiona, basi kuna jambo limeharibika.

Keneli ya ruta ya Madam ilikuwa Linux 4.14, iliyotoka Novemba 2017. Kwa miaka 6 watu waliendelea kuitolea viraka, toleo dogo baada ya toleo dogo: 4.14.1, 4.14.2, hadi 4.14.336 mwezi Januari 2024. Hilo la 336 lilikuwa la mwisho. Baada yake tundu lolote litakalogunduliwa litabaki wazi, labda mtu aamue kulishonea mwenyewe. Na kusema kweli ruta ile ilikuwa yatima hata kabla ya hapo, kwa sababu toleo la OpenWrt nililoliweka, 19.07, lilifungwa mwaka 2022. Ni mimi tu niliyekuwa sijashtuka. Ile namba 336 ndiyo iliyonishtua.

Kwa hiyo usiku ule nikaingia kwenye ruta kupitia njia yangu, nikapakia toleo la 23.05 lenye keneli 5.15. Mashine ilinionya. Kati ya matoleo hayo mawili, kwenye aina ile ya bodi, namna ya kuzitaja bandari za waya ilikuwa imebadilika kuanzia ndani ya keneli, na mipangilio ya zamani isingeeleweka tena. Ilinitaka nifute mipangilio yote nianze upya. Lakini nikifuta mipangilio nafuta na njia yangu ya kuingilia, na nitabaki Dar nikiwa sina mkono wa kuifikia Lushoto. Nikalazimisha. Nikabaki na mipangilio ya zamani, nikijiambia nitairekebisha ikishawaka.

Iliwaka. Ila haikuweza kuzungumza na mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza. Nilikaa nikitazama mstari mmoja ukijirudia kwenye kioo, kila sekunde, ukiniambia kwamba hakuna jibu. Saa tisa usiku nikaizima kompyuta. Asubuhi Madam akaniandikia: "Mwanangu, kidude kimekufa."

Nilikuwa na mitihani. Nilifika Lushoto baada ya siku 11.

*

Swali ninalotaka kuliuliza ni la maadili, ingawa limevaa nguo za ufundi. Kitu kinafanya kazi. Wanaokitumia wameridhika. Wewe peke yako unajua kwamba kina matundu. Ukikigusa unaweza kukiharibu, na madhara yake yataonekana asubuhi hiyohiyo. Usipokigusa huenda kisitokee chochote, au kikatokea kitu kibaya zaidi siku usiyoijua, kwa mtu usiyemjua. Je, una wajibu wa kukigusa? Na una haki ya kukigusa?

Tuanze na upande wangu, maana nao una nguvu. Oktoba 2016 ilizibwa kasoro ya keneli iliyopewa jina la Dirty COW. Ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kabisa kujipa mamlaka yote ya mashine. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa ndani ya Linux tangu 2007. Miaka 9 mabenki, hospitali, simu na ruta vilikuwa "vinafanya kazi" huku mlango ukiwa umerudishwa tu, haukufungwa. Na alipoiziba, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alikiri kwamba aliwahi kujaribu kuiziba miaka 11 kabla, akaiziba vibaya, kisha marekebisho yale yakaondolewa kwa sababu yaliharibu kazi kwenye aina moja ya kompyuta kubwa za IBM. Hapo ndipo utaona ugumu wa jambo lenyewe. Kiraka kiliwekwa, kikaumiza mtu, kikatolewa, na tundu likabaki hadi kila mtu akalisahau.

Halafu kuna jirani usiyemjua. Mei 2018 watafiti wa Cisco walitangaza kuwa programu haribifu waliyoiita VPNFilter ilikuwa imeingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54. Wenye ruta hizo wengi hawakuona tofauti yoyote. Picha zilifunguka, video zilicheza. Ukiwauliza wangejibu kama Madam: inafanya kazi. Nayo kweli ilikuwa inafanya kazi, ila si yao peke yao.

Kwa hiyo neno "kinafanya kazi" halitoshi. Linaeleza kile kinachoonekana na aliyekaa mbele ya kifaa, na linanyamaza kuhusu wengine wote.

Nina mjomba Pangani mwenye mashua. Kila baada ya miezi kadhaa, wakati wa bamvua, huipandisha mchangani, huilaza ubavu, huchokoa pamba iliyooza kwenye maungio ya mbao na kushindilia pamba mpya iliyolowekwa mafuta. Kazi hiyo inaitwa kukalafati. Siku hizo mashua haivui hata dagaa. Mtu asiyejua angesema mjomba anapoteza muda, kwa sababu mashua ilikuwa inaelea vizuri tu jana. Tuna methali tunayoipenda, kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Ni kweli, lakini methali inaiweka kazi yote nyuma, kama kitu kilichokwisha: vimeundwa, basi. Mjomba angeongeza kwamba vinakalafatiwa, na vikiachwa kukalafatiwa havitaelea muda mrefu.

Hoja hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani usiku ule wa Februari. Nilikuwa na haki kuhusu matundu. Nilichokosea ni mahali pengine, na ilinichukua muda kupaona.

*

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu kazi hiyohiyo: kuihamisha bodi moja kutoka keneli 5.15 kwenda 6.6. Wengi hudhani kusasisha keneli ni kupakua faili na kubonyeza kitufe. Ukiongeza tarakimu ya mwisho tu, ni karibu hivyo. Unabadilisha namba ya toleo na alama ya uhakiki kwenye faili moja, unajenga, unajaribu. Lakini kuhama kutoka toleo kubwa kwenda jingine ni kuhama nyumba.

OpenWrt haiichukui keneli ya Linux ilivyo. Inaibandika viraka vyake, mamia, na viraka vya jumla vimepangwa kwenye folda tatu. Ya kwanza ina viraka ambavyo keneli mpya zaidi imeshavikubali. Sisi tumeviazima mapema kwa ajili ya keneli yetu ya zamani. Ya pili ina viraka vinavyongoja. Vimepelekwa, au vinastahili kupelekwa, kwa wasimamizi wa keneli, na jibu halijaja. Ya tatu imepewa jina lisiloona haya, kama kusema "ujanja-ujanja": mambo ambayo hakuna anayetarajia yakubaliwe popote, lakini bila hayo vifaa havifanyi tunavyotaka.

Unapohama unapita kiraka kimoja kimoja. Cha folda ya kwanza mara nyingi unakifuta, kwa kuwa keneli mpya imekuja nacho tumboni. Kukifuta kunafurahisha kuliko kuandika msimbo mpya, kama kukata jina kwenye daftari la madeni. Cha folda ya tatu unakuta mistari iliyokizunguka imesogea, jina limebadilishwa, faili limehamishwa, na unakaa nacho jioni nzima. Kila kiraka kina jina la mtu na tarehe. Vingine ni vya miaka mingi. Mtu ameandika sentensi mbili kueleza kwa nini alilazimika kufanya alichofanya, na leo hayupo kwenye mradi. Unamsoma kama unavyosoma maandishi ya mkono ya marehemu pembezoni mwa kitabu. Usipomwelewa utakitupa kiraka chake, na kuna ruta mahali fulani duniani itakayonyamaza.

Katika kazi hii nimejifunza kwamba Linux ina ahadi moja kubwa na kukataa kumoja kukubwa. Ahadi ni kwamba keneli mpya isivunje programu za watumiaji. Torvalds ameigombania sheria hiyo kwa ukali unaojulikana. Kukataa kunahusu mambo ya ndani: namna sehemu za keneli zinavyoungana zenyewe kwa zenyewe hubadilishwa wakati wowote, na hakuna wa kumlalamikia. Greg Kroah-Hartman, anayesimamia matoleo ya muda mrefu, aliandika waraka mzima kutetea msimamo huo, na waraka umo ndani ya keneli yenyewe. Mantiki yake ni hii. Draiva yako ikiwa ndani ya keneli, anayeuhamisha ukuta analazimika kukuhamishia na kitanda chako. Ikiwa nje, utarudi ukute mlango uko upande mwingine.

Ni kama chama cha kufa na kuzikana. Ukiwa mwanachama, shida yako ni ya wote. Usipokuwa, unajua mwenyewe. Watengenezaji wengi wa bodi huchagua kubaki nje. Huandika draiva zao haraka juu ya keneli fulani, huuza bodi, kisha huhamia modeli mpya. Ndiyo maana unaweza kununua ruta mpya kabisa dukani ukakuta ndani yake keneli ambayo tayari ni ya zamani, na hakuna namna ya kuivusha bila kuandika upya kile ambacho mtengenezaji hakukitoa.

Hata waliomo ndani huchoka. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba keneli za muda mrefu zitatunzwa kwa miaka 6. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba utaratibu unarudi kwenye miaka 2, kwani matoleo ya zamani sana yana watumiaji wachache na watunzaji wamelemewa. Ukikaa Dar au Lushoto, ambako kifaa cha msaada kinaweza kuwa na miaka 5 siku kinapofika, hesabu hiyo unaisikia vingine. Na si keneli tu. OpenWrt ilishatangaza kwamba ruta zenye MB 4 za flashi na MB 32 za memori hazitapata tena matoleo rasmi baada ya 19.07, maana keneli zimenenepa na nafasi imekwisha. Ruta za namna hiyo bado ziko juu ya makabati mengi.

Simlaumu mtu. Anayejitolea usiku baada ya kazi yake ya mchana hawezi kudaiwa miaka 6. Ila nataka tuone kwamba kila anaposema "naishia hapa" kuna mtu wa mwisho kwenye foleni, na mtu huyo huwa hajui kama foleni ilikuwepo.

*

Mwezi mmoja na kitu baada ya kosa langu, tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa kwa kama nusu sekunde. Mlango ulikuwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na aliyeuweka alikuwa ametumia zaidi ya miaka 2 kujipatia imani kwa kumsaidia mtunzaji aliyekuwa amelemewa na kazi.

Hiyo haikuwa keneli. Lakini iliniondolea jibu rahisi nililokuwa nalo. Waliokuwa hatarini ni wale waliosasisha upesi, wale wanafunzi bora, watu kama mimi. Waliokaa na toleo la zamani, kwa uvivu au kwa tahadhari, walilala salama. Mwaka huo, ndani ya majuma machache, nilijifunza kwamba kutogusa si salama na kugusa si salama. Basi usalama si kipimo cha kutosha. Lazima kuwe na swali jingine kabla yake.

Nililipata swali hilo Lushoto, siku nilipofika na begi langu na waya wangu wa mtandao.

Kazi yenyewe ilikuwa aibu tupu. OpenWrt ina hali ya dharura. Unachomoa umeme, unachomeka, taa ikianza kupepesa haraka unabonyeza kitufe, na ruta inawaka bila kusoma mipangilio yake. Unaunganisha kompyuta kwa waya, unaandika amri moja ya kufuta mipangilio ya zamani, unawasha upya. Ilinichukua dakika 4. Kuirudishia mipangilio ya shule kulichukua saa moja. Kwa siku zote 11 ruta haikuwa imekufa. Ilikuwa mzima, na keneli yake mpya, ikingoja mtu mmoja tu duniani anayejua kitufe kiko wapi, na mtu huyo alikuwa Dar anafanya mtihani.

Ndani ya siku hizo walimu walikuwa wakipanda bodaboda hadi mjini, kwa nauli zao, kupandisha taarifa za shule zilizokuwa zinadaiwa wiki ileile. Wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wakikaa jioni na Kiwix walirudi kwenye vitabu vinne vinavyozungushwa darasa zima. Madam hakunigombeza. Alinipa chai, akaniangalia nikifunga waya wangu, akasema neno moja tu, yaani neno la Kiswahili ambalo ndani yake kuna sentensi nzima:

"Hukuniambia."

Nikaanza kumweleza. Nikamtajia 4.14, namba 336, matundu, VPNFilter. Alisikiliza hadi mwisho, maana ni mwalimu.

"Sawa. Hayo yote nisingeyajua. Lakini ungeniambia, ningekwambia subiri wiki ya taarifa ipite."

Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea. Mimi nilijua kuhusu tundu. Yeye alijua kuhusu wiki. Uamuzi ule ulihitaji maarifa ya watu wawili, na mimi niliufanya na nusu yake, saa tano usiku, kwa sababu nusu yangu ilikuwa na istilahi. Mjomba hukalafati mashua yake mwenyewe, ikiwa mchangani, siku aliyoichagua. Mimi niliichokoa pamba ya mashua ya watu wengine ikiwa katikati ya bahari, wakiwa wamelala ndani.

*

Leseni ya Linux, kama leseni nyingi za programu huria, inasema kwa herufi kubwa kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote. Nadhani hilo ni haki kati ya wasiojuana. Mtu aliyeandika kiraka miaka mingi iliyopita hawezi kubebeshwa mzigo wa shule ambayo hajawahi kuisikia. Lakini Madam hajawahi kuisoma leseni hiyo. Hakuiamini Linux. Aliniamini mimi.

Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya 1986 kuhusu imani, alitofautisha kumwamini mtu na kukitegemea kitu. Ninavyomwelewa, kitu tunachokitegemea kikituangusha tunasikitika. Mtu tuliyemwamini akituangusha tunahisi kusalitiwa. Madam aliitegemea ruta, na ruta ilipozima alisikitika kama anavyosikitika umeme ukikatika. Lakini lile "hukuniambia" halikuelekezwa kwa ruta.

Kuna rafiki yangu wa maabara niliyemweleza haya. Akanijibu kwamba nikianza kuomba ruhusa ya kila kiraka sitaweka hata kimoja, kwa kuwa watumiaji siku zote watasema subiri. Ana hoja. Ndiyo maana leo vifaa vingi vinajisasisha vyenyewe usiku, na dunia kwa jumla ni salama zaidi kwa sababu hiyo. Nami sidai kwamba mwenye kifaa ana haki ya kukiacha kioze hadi kiwadhuru majirani. Ninachodai ni kidogo kuliko hapo. Anayegusa kitu ambacho wengine wanakitegemea awape mambo matatu: habari kabla, njia ya kurudi nyuma, na mtu wa karibu anayeijua njia hiyo. Nilikuwa nimejiwekea mimi mlango wa kuingilia kutoka mbali. Sikumwekea yeye mlango wa kutokea.

Kwa hiyo siku ile, kabla sijapanda basi, nilimwomba Madam azime ruta na kuiwasha mwenyewe. Aliita wanafunzi wawili wa kidato cha tatu. Wakachomoa, wakachomeka, wakangoja taa ipepese, wakabonyeza. Mara ya kwanza walichelewa. Mara ya pili walibonyeza mapema mno. Mara ya tatu ikakubali, na mmoja wao akapiga kelele kama amefunga goli. Madam akaandika hatua zote kwenye daftari lake la maandalio ya somo, kwa kalamu nyekundu, kisha akauliza:

"Na siku ukipata kazi Ulaya?"

Nikamwachia nakala ya mipangilio kwenye flashi, na flashi ikafungiwa kwenye droo pamoja na mihuri.

*

Februari 2025 lilitoka toleo la 24.10 la OpenWrt, lenye keneli 6.6. Sikukimbilia. Niliijaribu kwanza kwenye bodi yangu, kisha Septemba nikampigia Madam. Nikamweleza toleo jipya linaziba nini, linaweza kuharibu nini, na kwamba mipangilio ya sasa itabaki safari hii. Nikamwambia ningependa tufanye wiki ile.

"Hapana," akasema. "Kidato cha nne wana mtihani Novemba. Tutafanya shule ikifungwa."

Nilitaka kubisha. Njia yangu ya kuingilia bado ilikuwepo. Ningeweza kufanya saa tano usiku, ingechukua dakika 3, na safari hii nilikuwa na uhakika karibu kamili. Nilikaa na simu mkononi nikihesabu miezi: sehemu ya Septemba, Oktoba, Novemba yote. Miezi hiyo yote matundu ninayoyajua kwa majina yatakuwa wazi juu ya kabati la ofisi ya walimu.

Nikasema sawa.

Hakuna kilichotokea miezi hiyo, na ninajua kwamba hiyo si hoja. Kingeweza kutokea. Ningekuwa na kosa? Nafikiri ningekuwa na sehemu yake, na yeye sehemu yake, na tungelibeba tukiwa wawili tunaojuana. Bado sijui kama hilo linatosha kwa jirani asiyejulikana, yule aliye kwenye nchi ya 54. Nikisema linatosha nitakuwa najipendelea.

Wiki ya pili ya Desemba, nikiwa maabara nimezama kwenye kiraka cha folda ya tatu, simu ikatetema. Ilikuwa picha ya ruta, imepigwa kwa karibu hadi vumbi linaonekana, na chini yake maandishi ya Madam:

"Tumeiweka sisi wenyewe. Imewaka. Taa ya tatu inapepesa, ni sawa?"

Nikatazama picha. Kwenye picha taa haipepesi, lakini nilijua ni ipi.

"Ni sawa, Madam," nikaandika. "Hiyo ndiyo ya mtandao."